Ngumi, Kikombe na Mtindo wa Mbwa: Mazoezi ya Kuogelea Yanayochekesha na Yanayofaa

Mwambie muogeleaji mtu mzima hapa Mombasa aende mita 25 amekunja ngumi, na jambo la kwanza atakalofanya ni kutazama kando aone nani anamwona. Bwawa la hoteli Jumamosi asubuhi lina watoto, lina shangazi zao kwenye viti, na lina yule kijana mlinzi wa bwawa aliyekulia ufuoni, asiyeamini kuwa kuna binadamu wa kumfunza kuogelea. Basi watu huona heri warudie walichokizoea: kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mtindo ule ule na kosa lile lile. Mwaka unakwisha na mwendo uko pale pale.

Sisemi kila zoezi la ajabu lina faida. Mengine ni upuuzi na mengine yanaua, na nitayataja kwa uwazi. Ninachosema ni kwamba zoezi geni lihukumiwe kwa saa na kwa hesabu, baada ya kufanywa sawasawa. Sura yake isiwe ndiyo hukumu.

Kuogelea kwenyewe kumejengwa na vituko. Mwaka 1844 waogeleaji wawili Waojibwe kutoka Amerika Kaskazini, waliotambulishwa kwa majina ya Flying Gull na Tobacco, walishindana London kwa kurusha mikono juu ya maji kwa zamu na kupiga miguu juu na chini. Waingereza wa siku hizo walikuwa wakiogelea mtindo wa chura, polepole na kwa heshima zao, nao wakaona wale wageni wanafanya fujo. Leo mtindo huru unafanana na ile fujo. Kipepeo nacho kilianza kama ujanja: katika miaka ya 1930 waogeleaji wa mtindo wa chura waligundua kuwa sheria haiwakatazi kurudisha mikono mbele kwa juu ya maji. Ujanja huo ukatengwa kuwa mtindo wa peke yake mwanzoni mwa miaka ya 1950, ukaingia Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na mwaka 2008 kule Beijing Mkenya Jason Dunford akafika fainali ya mita 100 kipepeo na kumaliza wa tano. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Mmarekani David Berkoff alianza mbio za mita 100 chali kwa kwenda zaidi ya mita 30 chini ya maji akipiga miguu ya pomboo, yaani miguu yote miwili pamoja kama mkia, baadhi ya wenzake wakiwa juu wanapambana na mawimbi. Alipata fedha, na baadaye wenye sheria wakaweka kikomo, ambacho sasa ni mita 15. Michezo hiyo hiyo Janet Evans alichukua dhahabu 3 kwa mikono iliyonyooka ikizunguka mbiombio, mtindo ambao makocha wengi wangeurekebisha kabla hajafika popote.

Pima kwanza

Zoezi la kuogelea huondoa kitu kimoja ili kingine kijitokeze. Ngumi huondoa kiganja, mpira wa kufungia vifundo vya miguu huondoa teke, kikombe cha kwenye paji la uso huondoa ruhusa ya kutikisa kichwa. Kwa hiyo ukiwa ndani ya zoezi lazima uwe mzito na mbaya wa kutazama. Anayeacha zoezi kwa sababu "linanipunguzia mwendo" amelipima mahali pasipo pake. Kipimo ni kuogelea kwa kawaida, kabla ya zoezi na baada yake.

Mabwawa mengi ya hoteli zetu yamepindapinda na urefu wake haujulikani. Chukua futi ya kamba ya fundi, tafuta mstari mmoja ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta, upime. Ukipata mita 18, si neno, ilimradi kila mara utumie mstari huo huo. Ogelea urefu huo mara 4 kwa mwendo wa wastani, ukipumzika sekunde 30 kila mara. Hesabu mapigo ya mikono yote miwili, kila kiganja kinapoingia majini ni pigo moja, na utazame sekunde. Jumlisha hayo mawili. Mwenye mapigo 22 na sekunde 26 ana 48. Hiyo 48 ndiyo utakayoirudia kila wiki.

Kuna namna mbili za kujidanganya hapa. Ya kwanza ni kusukuma ukuta kwa nguvu leo na kinyonge kesho. Msukumo uwe mmoja, na mkono wa kwanza uanze mahali pamoja. Ya pili ni kuteleza. Mtu ananyoosha mkono mbele, anasubiri, anasubiri tena, mapigo yanashuka hadi 17 na anafurahi. Lakini wakati wa kusubiri mwili unapoteza kasi, na kuurudishia kasi kunakula nguvu kuliko kuiendeleza. Saa itamuumbua: sekunde zitapanda na jumla itabaki vile vile au izidi.

Jambo la mavazi lisidharauliwe. Wanawake wengi wa hapa huogelea na vazi la kujisitiri, na nguo pana ikijaa maji huvuta nyuma kwelikweli. Jilinganishe na wewe mwenyewe katika vazi lile lile. Kitambaa cha nailoni au poliesta kinachokaa karibu na mwili hushika maji kidogo kuliko pamba, na upindo wa blauzi ukichomekwa ndani ya suruali haugeuki kuwa mfuko wa maji.

Muogeleaji wa bahari na bwawa

Aliyejifunzia kwenye fuo za Bamburi, Nyali au Shelly ana kasoro zake maalumu, na ndizo zinazoamua aanze na zoezi gani. Maji ya bahari yana chumvi, kwa hiyo ni mazito kuliko ya bwawa kwa takriban asilimia 2.5. Hesabu hiyo inaonekana ndogo, lakini inatosha kuinua miguu ya mtu ambaye bwawani ingezama. Tena baharini lazima uangalie boti, mawimbi na wenzako, basi kichwa kinazoea kukaa juu. Chumvi inafunika kosa hilo. Siku akiingia bwawani, kichwa juu, nyonga chini, anajiona amechoka kabla ya kumaliza mita 50 na kusema maji ya bwawa ni mazito. Kinyume chake ndicho kweli.

Kwa mtu huyo mazoezi ya kurudisha kichwa na nyonga mahali pake ndiyo ya kwanza. Ya mkono yafuate.

Anza na kulala ubavu. Nyoosha mkono wa chini mbele, sikio likae juu ya bega lake, mkono wa juu utulie pajani. Macho yatazame sakafu. Piga miguu 6, kisha vuta mkono mmoja na ugeukie ubavu wa pili, miguu 6 tena. Usilale wima kabisa kama mlango uliofunguliwa. Nusu ya mgeuko inatosha, kifua kikitazama kati ya sakafu na ukuta. Ukitaka pumzi, zungusha kichwa na mwili kwa pamoja mpaka mdomo utoke, uvute, urudi. Wengi hukosea kwa kunyanyua kichwa badala ya kukizungusha, na papo hapo miguu inashuka. Wengine hupiga teke la mkasi wakati wa kugeuka: mguu mmoja unaenda mbele sana na mwingine nyuma, mwili unayumba. Asiyeweza kwenda hata mita 10 avae mapezi ya mpira, tena mafupi, asione haya. Mapezi yanampa muda wa kusikia mwili umelala vipi.

Ngumi

Kunja ngumi bila kuikaza, gumba likiwa nje, na uogelee mtindo huru. Mapigo machache ya mwanzo utahisi mkono unapita tu, hakuna unachoshika. Hapo ndipo kazi inapoanza. Kiwiko kikae juu, karibu na uso wa maji, na kigasha, yaani sehemu ya kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, kielekee chini na kusukuma maji nyuma. Aliyezoea kuangusha kiwiko na kuvuta kwa kiganja peke yake hatasogea, na ni vizuri asisogee, maana sasa amejua.

Nenda urefu mmoja kwa ngumi, urefu mmoja mkono wazi, mara 6, na pumziko la sekunde 20. Ule urefu wa mkono wazi ndio wenye faida: kiganja kinarudi kikiwa kikubwa ghafla, na kigasha bado kinakumbuka kazi yake. Hisia hiyo haikai, ndiyo maana zamu ziwe fupi. Ukienda mita 200 mfululizo kwa ngumi utajifunza kuogelea vibaya kwa ngumi, basi.

Hesabu mapigo humo pia. Wa 22 akifika 25 au 26 yuko sawa. Akifika 30 na kupanda, kiwiko kinaanguka, au anazungusha mikono haraka kufidia. Mwombe mtu asimame mwisho wa bwawa akutazame kwa mbele: mikono ikivuka mstari wa katikati ya kichwa, mwili unanyongorota kama nyoka na hakuna ngumi itakayokusaidia mpaka uipanue hadi upana wa mabega. Kwa wale wanaofungua vidole kisirisiri, wape mipira miwili ya tenisi washike.

Mkishazoea, jaribuni ngumi moja na kiganja kimoja. Mwili utavutwa upande. Usipigane nao kwa kichwa. Rekebisha kwa kiwiko cha mkono wenye ngumi. Mara 4 zinatosha, na ubadilishe upande kila urefu.

Kupapasa maji

Hili ndilo zoezi linalochukiwa kuliko yote, na likiwa moja tu ningelibakisha hili. Linachukiwa kwa sababu mita 10 zinaweza kula nusu dakika, na anayetazama kutoka kwenye viti hajui kama unaogelea au umekwama.

Lala kifudifudi, boya katikati ya mapaja. Kama huna boya, chupa mbili tupu za lita moja, vifuniko vikiwa vimekazwa, zifunge pamoja kwa utepe. Mikono iwe mbele kwa upana wa mabega, viwiko karibu na uso wa maji, vidole vikiinamia chini kidogo. Fagia viganja kwenda nje, kupita mabega kidogo, upande wa gumba ukiwa chini; halafu fagia kurudi ndani mpaka viganja vikaribiane, upande wa gumba ukiwa juu. Kiganja kisilale bapa wala kisisimame wima. Mwinamo wa nyuzi 40 hivi ndio unaofaa. Mwendo utoke kwenye kigasha, viwiko na mabega vikiwa vimetulia.

Unachotafuta ni mzigo usiokatika kwenye kiganja. Maji yakibanwa kwenda nje, yabanwe pia kurudi ndani, na pale mkono unapogeuka pasiwe na sekunde ya ulegevu. Kwa wanaoanza, mzigo hukatika hapo kwenye mgeuko, kwa sababu wanageuza kifundo kikiwa kimechelewa. Ukijikuta unarudi nyuma, vidole vyako vinaelekea juu. Ukipanda na kushuka bila kusogea, viganja viko bapa. Ukisogea lakini mabega yanauma, unafagia kwa mkono mzima.

Ukimaliza mita 10 za mbele, fanya mita 10 za katikati: viwiko vimepinda, viganja chini ya kifua vikitazama nyuma. Kisha 10 za nyuma, mikono kando ya nyonga. Hapo ni pale pale mkono unapopita katika mvuto mmoja wa kawaida, ila umeukata vipande vitatu na kuuchunguza. Papo hapo, bila kupumzika, ogelea urefu mmoja wa kawaida. Bila urefu huo wa mwisho zoezi linabaki mchezo.

Kwa pumzi, snokeli ndiyo bora. Usipokuwa nayo sogeza kidevu mbele kidogo, vuta, rudisha uso. Snokeli ya watalii ya kutazamia samaki, ile ya kando ya kichwa, hutingishika mkono unapopita. Ya waogeleaji hupita katikati ya paji la uso.

Kupapasa ndilo zoezi mojawapo linalofaa zaidi baharini kuliko bwawani. Nyuma ya mwamba, maji yakijaa na bahari ikiwa shwari, chumvi inakubeba na huhitaji boya. Watoto wapewe ya kwenda miguu mbele: chali, mikono kando ya nyonga, vidole vikielekea chini na viganja vikitazama kichwani, wapapase mpaka mwili uende nyayo zikitangulia. Wanacheka sana, na mikono inajifunza.

Mtindo wa mbwa, na kichwa juu

Mtoto wa pwani huanza na mtindo wa mbwa, halafu anachekwa mpaka auache. Akiwa mtu mzima anamlipa kocha amrudishie. Ndivyo ilivyo.

Tofauti ni kwamba sasa uso uko majini. Mkono mmoja unanyooka mbele hadi mwisho, mwingine unavuta hadi nyongani, kisha unarudi mbele kwa chini ya tumbo ukipita karibu na mwili. Hakuna mkono unaotoka majini. Mwili unageuka ubavu huu na huu kama kawaida. Kwa kuwa unakwenda polepole na macho yako chini, unaona kila mkono unavyopita. Hakuna zoezi jingine linalokupa nafasi ya kujitazama hivyo bila kamera. Mita 12 hadi 15 mara 6. Kosa lake ni kuchakura mbele ya kidevu, vijipigo vifupi vya hofu. Nyoosha mkono kwanza, ndipo uvute.

Ndugu yake ni mtindo huru wa kichwa juu, kidevu kikigusa maji, mikono ikitoka juu kama kawaida. Hapa wa ufuoni wanajua tayari na wanaweza kuwafunza wa bwawani. Unalazimisha mkono ushike maji upesi, na unamwandaa mtu kutafuta alama ya kuelekea akiwa baharini. Mita 10 za nguvu, si zaidi ya 15, kisha shusha kichwa umalizie urefu kwa kawaida. Ukizidisha, shingo na kiuno vitakuambia jioni.

Mengine, kwa haraka

Kikombe: kuogelea chali na kikombe cha plastiki chenye maji nusu juu ya paji la uso. Kikianguka mbele, umekunja kidevu na umekaa kama mtu kitini. Kikianguka kando, unageuza kichwa pamoja na mabega. Kichwa kinabaki, mabega yanageuka.

Skrubu: mapigo 3 kifudifudi, mapigo 3 chali, mwili ukizunguka upande mmoja. Mgeuko uanzie kiunoni. Bwawani tu, maana kizunguzungu na kupotea mwelekeo baharini si mchezo.

Miguu wima: mahali penye kina cha mita 2 au zaidi, simama majini mikono ikiwa kifuani, piga miguu midogo ya haraka sekunde 20, pumzika 40, mara 6. Ukiona magoti yanapanda mbele, unaendesha baiskeli. Teke linaanzia kwenye paja na kifundo cha mguu kinalegea. Likiwa jepesi, toa mikono juu ya maji.

Mtindo wa chura wa mateke mawili kwa mvuto mmoja: vuta mikono mara moja, piga teke, baki umenyooka, piga teke la pili mikono ikiwa bado mbele. Linamfaa anayeharakisha mikono kabla miguu haijamaliza. Pia piga teke la chura ukiwa chali, mikono kando ya mwili, na jaribu kugusa visigino kwa vidole. Magoti yakitokeza juu ya maji unavuta mapaja tumboni badala ya kuvuta visigino nyuma.

Mikono iliyonyooka: hili ni la msimu wa upepo wa Kusi. Upepo ukivuruga maji, mkono unaorudi chinichini kwa kiwiko kilichopinda hugonga wimbi kabla haujafika mbele. Uurushe ukiwa umenyooka lakini umelegea, nguvu ikitoka kwenye mgeuko wa mwili. Uingie majini mbele ya bega, na ukishaingia tu kiwiko kipinde kama kawaida. Bega lenye jeraha la zamani lisijaribu.

Mpira wa miguuni

Kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukifunge kiwe duara, uvae kwenye vifundo vya miguu. Hakuna teke. Ukianza tumia boya. Ukilitoa boya miguu itazama na utahisi kama unaburuta mtu. Dawa yake ni kuegemeza kifua majini, kichwa kikiwa chini, na kuongeza kasi ya mikono bila kufupisha mvuto. Anayeteleza kati ya pigo na pigo hawezi kabisa zoezi hili, na ndiyo sababu ninalipenda: linamtibu yule wa mapigo 17 na sekunde nyingi. Urefu 4 hadi 6, pumziko la sekunde 30. Usilifanye baharini hata siku moja, na bwawani lifanyike ukiwa karibu na ukuta na pawepo mtu mwingine anayejua umefungwa miguu.

Pumzi, na ya kukataa

Miguu ya pomboo chini ya maji inafaa, ukiwa kifudifudi, chali au hata ubavu. Mikono imebanwa mbele, wimbi linaanzia kifuani na kupita nyonga, teke la kwenda juu liwe na nguvu kama la kwenda chini. Kwa mtu wa kawaida mita 8 hadi 10 zinatosha, na apumzike sekunde 45 mpaka pumzi itulie. Kwenda zaidi ya hapo hakuongezi mtindo.

Kinachokatazwa ni kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama ili "kujaza hewa". Huongezi oksijeni ya maana. Unachopunguza ni kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo inayoupa mwili hamu ya kupumua. Hamu inachelewa, oksijeni inaisha, mtu anazimika bila dalili yoyote, na anaonekana kama bado anateleza chini ya maji. Imewaua waogeleaji hodari katika mabwawa yenye walinzi. Mashindano ya vijana ya kwenda na kurudi chini ya maji ni hilo hilo kwa jina jingine. Yakatazeni.

Kataa pia makafi makubwa ya plastiki ya mkononi kwa mtu ambaye bado anaangusha kiwiko. Yanazidisha mzigo kwenye bega lililokaa vibaya. Na zoezi lolote la kurekebisha mtindo likiwekwa mwisho, mwili umechoka, linafundisha uchovu. Liwe mapema, mara baada ya kupasha mwili.

Maji na ratiba

Kwa mazoezi ya baharini, tazama jedwali la maji kabla ya kutazama saa yako ya kazi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya Mombasa hukupwa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 alasiri, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Saa 4 hiyo utakuta unatembea kwenye majani na miba badala ya kuogelea. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: yanajaa karibu na saa 4 asubuhi, mkondo ni mpole, na hapo ndipo pa kufanya kupapasa na kichwa juu nyuma ya mwamba. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kaa mbali na milango ya mwamba wakati maji yanatoka, na usifanye zoezi lolote kwenye mkondo wa Kilindini au Tudor. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta una boti na pikipiki za maji. Vaa kofia ya rangi kali, ogelea sambamba na ufuo, usiwe peke yako.

Bwawani, kipindi cha dakika 45 kinatosha hivi: mita 200 za kupasha mwili, dakika 12 za zoezi moja, zamu fupi, kila zamu ikifuatwa na urefu wa kawaida, mita 300 hadi 400 za kuogelea kwa vipande vya 50, ukishikilia jambo moja tu ulilolisikia kwenye zoezi, mita 100 za kupoa. Siku moja kwa wiki weka kile kipimo cha mara 4 baada ya kupasha mwili.

Zoezi moja kwa wiki tatu, mara tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza jumla yako inaweza kupanda, kwa kuwa unafikiria sana, isikutie hofu. Mwisho wa wiki ya tatu, ikiwa 48 imekuwa 46 au chini, endelea nalo mara moja kwa wiki na uongeze jingine. Ikiwa haijashuka, mwombe mtu akurekodi video ya sekunde 20 kwa simu, mara moja kwa mbele na mara moja kwa ubavu, uone kama zoezi ulilifanya au ulilipita tu. Ukikuta ulilifanya sawasawa na hesabu bado haijasogea, liache ushike jingine.